Paspoti za 2018 zinaanza kuisha 2028, tulio nje tuanze sasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na ukiweza usiipunguze sana maana jambo lenyewe lina watu wengi nyuma yake, wenyewe walioko nje na familia zao huko nyumbani. Ni kuhusu paspoti. Sio kuomba kwa mara ya kwanza, hilo limeshaandikwa sana, nazungumzia kubadilisha paspoti wakati uko nchi ya watu na una viza ya muda mrefu au kibali cha kuishi kilichofungwa kwenye ile ile paspoti inayotaka kuisha.

Hebu tupige hesabu kidogo. Paspoti zetu za kielektroniki zilizinduliwa Dar es Salaam tarehe 31 Januari 2018, akazizindua Rais Magufuli mwenyewe, na kila moja inadumu miaka 10. Zile za zamani zikaambiwa mwisho wake Januari 2020, kwa hiyo ndani ya hiyo miaka miwili watu wakakimbilia kubadilisha, na sisi tulio nje tukakimbilia zaidi maana hakuna aliyetaka kukwama na paspoti ambayo mashine za uwanja wa ndege haziitambui tena. Sasa jumlisha 10. Wa kwanza kabisa zinaisha 2028, halafu wale wengi waliosubiri dedilaini ndio zao zinaisha 2029 na mwanzoni mwa 2030, wote kwa pamoja, wote kwenye balozi zile zile, foleni moja. Hili halihitaji utabiri, tarehe zimechapwa tayari ndani ya paspoti zetu, fungua yako uangalie.

Mtu wa nyumbani akisoma hapa atasema sasa shida iko wapi, 2028 ikifika si unaenda kubadilisha. Kwa aliyeko Dodoma au Mwanza ni kweli kabisa, paspoti ikiisha unaiweka kabatini mpaka siku ya safari. Kwa aliyeko nje na kibali cha kuishi paspoti haikai kabatini, ndiyo inashikilia kazi yake, nyumba yake aliyopanga, shule ya watoto, bima ya afya, kila kitu. Na inaanza kukubana muda mrefu kabla haijaisha, na hapo ndipo wengi wanashtuka.

Mimi nipo Hamburg, nafanya kazi nyumba ya wazee, na kwa sababu Kijerumani nimekaa nacho muda, wenzangu huniletea barua za serikali niwasomee. Kwa hiyo haya nayoandika nimeyaona kwenye makaratasi, mengine kwa macho yangu na mengine kwa ndugu zetu walioko Uarabuni na Uingereza ambao tunaongea nao kila siku.

Hapa Ujerumani mgeni anayeishi anapewa kadi ngumu yenye chipu, ukubwa kama kadi ya benki, walianza nazo Septemba 2011, kabla ya hapo ilikuwa stika kwenye paspoti. Watu wanafikiri kwa kuwa kadi imetengana na paspoti basi haina uhusiano nayo. Wapi, kadi inafuata paspoti kama mkia unavyofuata ng'ombe. Namba ya paspoti yako iko kwenye hiyo kadi, na afisa wa ofisi ya wageni kwa kawaida hakupi kadi inayovuka tarehe ya mwisho ya paspoti. Sasa chukua mfano wa mtu ambaye paspoti yake inaisha Machi 2028, anaenda 2026 kuongeza kibali, mkataba wake wa kazi hauna mwisho, anastahili miaka mitatu au hata zaidi, anarudi nyumbani na kadi ya mpaka Machi 2028. Hajakosa chochote, kila karatasi anayo, ila paspoti imemkata. Halafu ikifika 2028 atabadilisha paspoti, atarudi tena ofisi ya wageni kuomba kadi nyingine, atalipa tena, kadi mpya kwa sababu ya paspoti mpya inaweza kufika yuro 67, na atasubiri tena apointimenti ambazo kwenye miji mikubwa kupata ni kazi kweli kweli.

Kwa hiyo ndugu zangu kwa mtu wa kibali 2028 haiko mbele, imeshafika.

Na msidhani mwenye ukaazi wa kudumu amepona. Haki yake ya kukaa haifi kwa sababu paspoti imeisha, hiyo ni kweli, ila kadi yenyewe lazima ifanywe upya, na juu ya hapo sheria ya ukaazi ya Ujerumani, kifungu cha 3, inasema mgeni lazima awe na paspoti iliyo hai. Sio ushauri, ni wajibu. Unaweza kuwa umekaa miaka 20, unalipa kodi, watoto wameshazaliwa hapa, bado unatakiwa uwe na paspoti hai ya nchi yako, na anayekupa hiyo paspoti ni Tanzania peke yake.

Kazini nako kuna ishu ambayo nyumbani haijulikani. Mwajiri hapa anatakiwa kisheria ahakikishe mgeni ana kibali hai na aweke kopi kwenye faili lake. Tarehe ikikaribia kompyuta ya ofisi inamkumbusha, unaitwa, leta kadi mpya. Huna? Mwajiri mwenye roho nzuri atakupa likizo kwanza ukahangaike, mwingine atakuambia usije mpaka ulete. Kuna karatasi ya muda ambayo ofisi ya wageni inaitoa inayosema kibali chako cha zamani kinaendelea kuhesabika mpaka waamue, na hiyo karatasi imewaokoa wengi, ila sharti lake ni kwamba uwe umeomba kabla kibali hakijaisha. Kabla, sio siku inayofuata, ukichelewa unabaki kwenye huruma ya afisa. Na hapa naomba watu wanielewe vizuri maana wengi wanakosea: paspoti ikichelewa usikae ukisubiri paspoti ndio uende ukaombe kibali, peleka ombi la kibali kwa wakati wake na uambatanishe risiti au barua ya ubalozi inayoonyesha paspoti umeshaiomba. Ofisi ya wageni inaelewa kwamba ubalozi una mwendo wake, isichoelewa ni ukimya.

Uarabuni nako kuna yake, na kwa kweli huko ndiko moyo wangu unauma zaidi. Dubai na miji mingine ya Emirates ukaazi zamani ulikuwa stika kwenye paspoti, tangu 2022 stika imeondolewa, kadi ya Emirates ID ndiyo inasimama, lakini kuongeza ukaazi bado wanataka paspoti iwe na miezi sita mbele. Saudia una ikama, yaani kibali chao cha kuishi, na paspoti ikibadilika taarifa lazima zihamishwe kwenye sistimu yao, wenyewe wanaita naqli maalumat, na anayehamisha mara nyingi ni mwajiri, au kafili kama watu wanavyomuita bado. Sasa fikiria dada wa kazi za ndani, mwajiri wake kamchukulia paspoti tangu siku aliyotua, jambo ambalo sheria za huko huko zinakataza lakini linafanyika, huyo dada hata tarehe ya kuisha haijui. Hajawahi kuishika hiyo paspoti tangu uwanja wa ndege. Siku mama anaumwa nyumbani anataka kusafiri ndio anaambiwa paspoti yako imekufa, na wa kumpeleka ubalozini ni yule yule mwajiri, na ubalozi uko Riyadh na yeye yuko mji mwingine kabisa.

Familia zinazopeleka mabinti huko naomba mnisikie kwa hili moja tu kama mengine mtayasahau: kabla hajaondoka mpige picha ule ukurasa wa paspoti wenye sura yake, mbaki nayo kwenye simu ya mama, ya kaka, ya nani, na mweke tarehe ya kuisha kwenye kalenda ya nyumbani. Yeye anaweza kunyang'anywa paspoti na hata simu. Nyie mkiwa na namba ya paspoti na tarehe, mnaweza kwenda Uhamiaji, mnaweza kuandika ubalozini kwa niaba yake, mna pa kuanzia.

Uingereza mambo yamebadilika tena. Zile kadi za ukaazi walizokuwa nazo watu karibu zote ziliandikwa mwisho 31 Desemba 2024 na sasa hali yako iko mtandaoni tu, imeunganishwa na namba ya paspoti. Ukipata paspoti mpya lazima uingie kwenye akaunti yako ya viza uweke namba mpya, usipoweka, siku unarudi kutoka Dar mtu wa kaunta ya ndege anaskani paspoti yako na sistimu inamwambia huyu hatumjui. Kanada vibali vya masomo na kazi havivuki tarehe ya paspoti. Marekani viza iliyoko kwenye paspoti iliyoisha inabaki hai mpaka tarehe yake, unasafiri na paspoti zote mbili, mpya na ya zamani, ila uangalie siku unaingia maana afisa wa mpakani anaweza akakupa muda wa kukaa unaoishia pale paspoti inapoishia hata kama karatasi zako zingine zinasema miaka mitatu, na wewe kwa furaha ya kufika hutasoma. Ufaransa viza ya muda mrefu ni stika ndani ya paspoti, mtu akiingia anaithibitisha onlaini ndani ya miezi mitatu, lakini stika yenyewe inabaki kwenye paspoti ile ile.

Hapo ndio nafika kwenye paspoti ya zamani. Jamani msiitupe, na msikubali ichukuliwe kama ndani yake kuna viza hai. Mkienda kubadilisha semeni mapema, kwa mdomo na kwa maandishi, ndani ya hii paspoti kuna viza inayofanya kazi, naomba nirudishiwe na kurasa ya viza isitobolewe wala kukatwa. Kufuta paspoti ni lazima na ni haki yao, hakuna anayebisha, kona ya jalada inakatwa au ukurasa wa mbele unapigwa mhuri na imekwisha. Lakini tundu likipita katikati ya stika ya viza hiyo viza imeharibika, na ukifika kaunta na viza yenye tundu hakuna atakayekaa kusikiliza historia yako. Namjua mama mmoja alitobolewa hivyo, sitataja wapi, alilazimika kuomba viza upya kutoka mwanzo kama mtu ambaye hajawahi kutoka nje, na kazi yake haikumsubiri.

Na watu wa kaunta ya ndege hatuwezi kuwalaumu sana. Shirika la ndege likimbeba abiria asiye na hati sahihi linapigwa faini na kumrudisha kwa gharama yake, kwa hiyo yule kijana pale uwanja wa Julius Nyerere akiona paspoti mpya kurasa nyeupe tupu na wewe unasema naishi Ulaya lazima asite. Mpe vyote kwa pamoja, paspoti mpya, ya zamani, kadi ya ukaazi, na kama una barua ya ofisi ya wageni mpe na hiyo. Tena weka kwenye begi la mkononi, nimeshasikia watu paspoti ya zamani wameiweka kwenye sanduku na sanduku limeshaingia.

Halafu kuna majina. Mhariri hapa naomba niende polepole maana ndiko watu wanakotokwa jasho. Sisi majina yetu yanapindapinda. Mtu cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, NIDA wameandika Mohammed, paspoti ya kwanza ilikuwa Muhamed, cheti cha shule kina jina la babu katikati, na nyumbani tunamuita Mudi. Nyumbani hakuna anayejali, wote tunamjua. Mzungu au Mwarabu ana sistimu inayosoma herufi kwa herufi, M moja zaidi ni mtu mwingine. Mtu akibadilisha paspoti na maombi yanakwenda kwa jinsi alivyo NIDA, paspoti mpya inatoka na jina lililonyooka kwa NIDA lakini limepishana na kadi ya ukaazi, na akaunti ya benki, na leseni, na mkataba wa kazi, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto alivyozalia huku. Hapo sasa unaanza kazi ya kuthibitisha kwamba wewe ni wewe. Akina mama ndio zaidi, ameolewa kabadilisha jina huku, NIDA bado jina la baba, afisa anauliza huyu ni nani na yule ni nani.

Hata mpangilio tu, jina la ukoo likihama mahali pake. Wapo ambao jina la babu lilikuwa ndio la ukoo kwenye paspoti ya zamani, kwenye mpya limekuwa la baba, na barua zote za kodi zinakuja kwa jina la babu.

Dawa yake ipo na inafanyika nyumbani kabla, sio ubalozini siku ya kuchukuliwa alama za vidole. Uhamiaji wanataka namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo mtu aliyeko nje akague hivyo vitu viwili mwaka mmoja au zaidi kabla, alinganishe na paspoti aliyonayo herufi kwa herufi, kama kuna kosa alirekebishe kule kwanza. Cheti kikiwa kile cha zamani cha mkono kilichofifia, ndugu aliyeko nyumbani aende RITA, na wa Zanzibar kwa mamlaka yao ya usajili, kifuatiliwe kipya. Kaka au dada anayefuatilia haya kwa niaba ya aliyeko nje naomba ajue hamsaidii mtu kupata karatasi tu, anamlinda asipoteze kazi. Na wengine waliondoka kabla NIDA haijafika mtaani kwao, hawana namba kabisa, hao ndio wanatakiwa waanze leo, maana bila namba fomu ya onlaini haikupeleki mbali, na likizo ya nyumbani moja inaweza kwisha yote kwenye benchi la usajili.

Kuhusu ubalozi, fomu unaweza kujaza onlaini ukiwa kitandani kwako, hilo ni jambo zuri na niseme wazi ni maendeleo makubwa kulinganisha na zamani. Ila vidole haviendi kwa imeili. Lazima mwili wako ufike kwenye mashine. Kwa Ujerumani mashine iko Berlin, mtu wa Munich ni saa nne za treni kwenda, nne kurudi, siku ya kazi imekwenda na kama ana watoto wanakwenda naye maana nao paspoti zao zinahitaji. Walioko Norwe, Finland na Denmark ubalozi wao ni wa Stockholm, Sweden, yaani mtu anavuka mpaka wa nchi kwenda kuomba paspoti, na kama paspoti yake imeshaisha na kibali kimeisha nacho huo mpaka anauvuka na nini? Ndio maana nasema uombe ukiwa bado una paspoti hai ya kukufikisha ubalozini.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa Wizara ya Mambo ya Nje na Uhamiaji ni kwamba ile mashine itembee. Afisa mmoja au wawili waje na vifaa kwenye mji kwa siku mbili, jumuiya ya Watanzania itatafuta ukumbi, itapanga foleni, itapika na chai. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, sidhani tutakosa chumba chenye meza na umeme wa uhakika. Wenzetu Wakenya maafisa wa ubalozi wao wa Washington huzunguka miji ya Marekani kutoa huduma hizi, watu wanafuatwa walipo. Kama 2029 wote tutamwagika Berlin kwa mwezi mmoja, hata maafisa wenyewe tutawaumiza, nao ni watu.

Na nikishawataja Wakenya niseme jingine. Wao paspoti ya kielektroniki walianza Septemba 2017, na tarehe ya kuzima zile za zamani ikasogezwa, ikasogezwa tena, mpaka ikafika Novemba 2022. Kila ikisogezwa watu walishusha pumzi wakarudi kulala, halafu ikikaribia foleni zile zile. Sisi tunayo tabia hiyo hiyo, tunasema wataongeza muda. Sasa naomba tuelewane, dedilaini ya kuzima paspoti za aina fulani waziri anaweza kuisogeza kwa tangazo, ni uamuzi wa serikali. Tarehe ya kuisha iliyochapwa kwenye paspoti yako hakuna waziri anayeisogeza, na hata akitangaza, afisa wa Hamburg au wa Sharjah hasomi matangazo yetu, anasoma kilichoandikwa pale mbele yake.

Watu wataniuliza na wakikwama kabisa je? Ubalozi unaweza kutoa hati ya dharura, lakini ieleweke hiyo ni ya kukurudisha nyumbani, sio ya kwenda na kurudi. Ukipanda ndege nayo umefika Dar, sasa unaomba paspoti mpya pale, na huku kibali chako kinahesabiwa siku. Ujerumani kibali cha kawaida kinakufa ukikaa nje zaidi ya miezi sita bila ruhusa yao. Emirates nako ukaazi wa kawaida ukikaa nje zaidi ya miezi sita unafutika. Mtu ameenda kuzika, paspoti ikachelewa kwa sababu ya jina, cheti kikachelewa kwa sababu ya paspoti, miezi sita sio mingi hata kidogo. Kama lazima uende, iandikie ofisi ya wageni kabla ya miezi kupita, waombe muda, wana mamlaka ya kukupa muda mrefu zaidi ukiwa na sababu.

Kuna jamaa atasema si mchukue tu uraia wa huko muondokane na hizi kero, Ujerumani wenyewe tangu 27 Juni 2024 wanaruhusu mtu abaki na uraia wake wa mwanzo. Wao wanaruhusu, sisi haturuhusu. Mtanzania mtu mzima akichukua wa kwao kwetu anaupoteza, na habari ya hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania walioko nje tunaisikia na tunaifuatilia, lakini hadhi sio uraia. Wengi wetu tumeamua kubaki na paspoti ya Tanzania kwa kutaka kabisa, tuna mashamba, tuna wazazi, tuna makaburi, na tunataka siku ya kurudi tuingie kama wenyewe. Mtu aliyefanya uamuzi huo kwa moyo wake asiadhibiwe kwa karatasi kuchelewa.

Ombi la pili kwa Uhamiaji, na hili halihitaji bajeti kabisa. Mtu akibadilisha paspoti apewe barua fupi yenye mhuri, kwa Kiingereza na ikiwezekana lugha ya nchi husika, inayosema mwenye paspoti namba hii ya zamani na namba hii mpya ni mtu mmoja, na kama jina limebadilika herufi iseme jina la zamani lilikuwa hivi. Aya moja tu. Ipewe kila mtu bila kuombwa, sio mpaka umjue mtu. Hiyo barua benki inaitambua, ofisi ya wageni inaitambua, kaunta ya ndege inaitambua, shule ya mtoto inaitambua. Sasa hivi mtu anatengeneza ushahidi wake mwenyewe kwa kopi za kopi.

Na la tatu ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Yupo mwenzetu, kibali chake ofisi ya wageni ilitaka kumpa mrefu, wakamwambia leta paspoti yenye miaka zaidi mbele, akaenda kwenye ofisi moja yetu, sitaitaja, akaambiwa paspoti yako bado nzima, ina zaidi ya mwaka, rudi ikikaribia. Akarudi mikono mitupu na kibali kifupi. Yule aliyemjibu nadhani alikuwa anafikiria kama mtu wa nyumbani, ambaye paspoti yenye mwaka mmoja ni paspoti nzima. Kwa mtu wa kibali paspoti yenye mwaka mmoja imeshachakaa, na yeye yuko tayari kulipa ada kamili na kupoteza miezi iliyobaki, serikali haipotezi hata senti.

Basi naomba Uhamiaji watujibu hapa hapa gazetini, kwa sentensi ambayo mtu anaweza kuikata akaenda nayo: Mtanzania mwenye kibali cha kuishi nje ambaye paspoti yake inaisha 2028 au 2029, akifika ubalozini mwaka huu na barua ya nchi anayoishi inayoonyesha kibali kinakatwa na tarehe ya paspoti, anapokelewa na kupigwa vidole siku hiyo, au anaambiwa arudi?

Mfanyakazi wa nyumba ya wazee,
Hamburg, Ujerumani